Kesho Utaenda Kitui Bila Mimi

Mwikali mwanangu,

Kesho sitapanda gari pamoja nawe. Naliweka hili mbele kabisa, usije ukasoma kurasa zote ukitafuta nimeficha nini. Lile begi langu uliloliona limefungwa juu ya kiti nimelifungua, na nguo nimezirudisha kabatini. Utaenda Kitui peke yako.

Umeteremka Kikima kusukwa nywele, na nikimjua yule msusi asivyo na haraka, hutarudi kabla jua halijashuka. Ndiyo maana nimepata nafasi ya kuandika. Ungekuwa hapa ungenichungulia begani. Na usiniulize kwa nini sikukuambia kwa mikono, mikono yangu unaijua. Nilijifunza lugha yenu viziwi nikiwa mtu mzima, vidole vimeshazoea jembe na chaki, na mpaka leo nikikuambia jambo refu naona unavyonivumilia, kama mtu anayemngoja mtoto amalize kufunga kamba za viatu. Tena ukikasirika unafumba macho. Ukishafumba macho mjadala umekwisha, hata ningekuwa Rais. Barua unaweza kuitupa chini ya kitanda, lakini utarudi uiokote. Nakujua.

Mambo ya kula, kufua na kujihadhari na watu sitakuandikia. Wewe si mtoto, na ukichoma sufuria huko Kitui utanunua nyingine.

Najua utakasirika. Baba yako naye atakasirika akija nyumbani kutoka Emali, maana kabla hajarudi kwenye mizigo yake ya stesheni aliniapisha hapa mlangoni. "Usimwache huyu mtoto peke yake kwa watu wasiomjua." Nikasema sawa. Lakini atakayekasirika kuwapita nyote wawili ni hedimasta wa hiyo shule, na nitakuambia kwa nini, kwa sababu siku tuliyokwenda kumwona sikukuambia.

Unakumbuka tulivyokaa ofisini mwake, yeye upande ule wa meza, mimi na wewe huku. Si mtu mbaya. Amechoka kama mimi. Ana kile chumba cha watoto viziwi pale mwisho wa uwanja, mwalimu wao alihamishwa, na wote walioombwa kuja kuchukua nafasi yake wamepata ugonjwa wa ghafla. Alinitazama mimi muda wote. Akasema, "Mwalimu, mimi sina shida na huyu msichana wako. Lakini yeye hasikii, watoto hawasikii. Darasa zima hakuna mtu anayesikia! Kengele ikilia nani atawaambia?" Akacheka. Na mimi nikacheka, Mwikali. Nilicheka pale pale ukiwa umekaa karibu yangu, na ukatabasamu kwa kuwa uliona tunacheka.

Halafu akasema hivi: "Wewe njoo naye muhula huu. Kaa naye darasani, uwe masikio yake. Inspekta akija mwisho wa muhula akute kuna mwalimu. Usipokuja, basi huyu arudi na gari lilelile lililomleta." Nikasema sawa. Ukaniuliza kwa macho, anasema nini? Nikakujibu kwa mikono yangu hii mizito: anasema karibu. Maneno yote yale nikayafanya kuwa karibu.

Sihitaji kukueleza kilichoko hapo mbele, unakijua kuliko mimi. Chuo cha ualimu walisema hawajawahi kumchukua mwanafunzi asiyesikia, na kwamba hawajui hata wangeanzia wapi. Inspekta ndiye aliyesema, haya, mjaribuni muhula mmoja, akiweza nitamsemea. Ukiweza, utaingia chuoni na kutoka na cheti kama mwalimu mwingine yeyote. Ukishindwa watasema tulijaribu, mmeona wenyewe, na mlango utafungwa hata kwa wengine wanaokuja nyuma yako. Ndiyo maana wote wanataka niwe hapo. Ndiyo maana mimi mwenyewe nilitaka.

Sasa wacha nikueleze kwa nini sitakuwa hapo.

Ulikuwa unatambaa vizuri na kuitikia jina lako kabla homa haijakushika. Tulikulaza hospitali, ukapona, tukamshukuru Mungu, tukarudi hapa Mbooni tukiwa na furaha. Halafu nikiwa shambani kwenye maharagwe nikakuita, ukiwa umekaa kwenye kivuli cha ndizi umenipa mgongo. Hukugeuka. Nikaita tena. Nikadhani ni kiburi, maana kiburi umekirithi kwa bibi yako. Nikapiga jembe kwenye jiwe, kwaa! Ndege wakaruka, wewe ukaendelea kuchezea udongo. Nilikaa chini hapohapo kwenye matuta nikalia mpaka nikashindwa kusimama.

Wakati ule nilikuwa mwalimu wa kawaida tu, nafundisha watoto wa kawaida. Niliposikia kuna mafunzo ya walimu wa viziwi niliomba kabla hata sijamwambia baba yako. Watu wa kanisani walinisifu. "Mama Mwikali amejitoa." Wacha we! Kujitoa gani? Nilitaka mtoto wangu aniite mama, basi. Hakuna kingine nilichotaka.

Huko tulifundishwa kazi ya mdomo. Unamkalisha mtoto mbele ya kioo, unashika kipande cha karatasi mbele ya midomo yake, unasema "pa", karatasi inaruka. Naye ajaribu mpaka yake iruke. Unaweka mkono wake kooni mwako asikie panavyotetemeka. Na jambo la kwanza kabisa tuliloambiwa, na la mwisho, ni kwamba mikono ni uvivu. Mtoto akizoea kusema kwa mikono hatasema kwa mdomo kamwe. Kwa hivyo mikono ifungwe mbele ya kifua, au akae juu ya viganja vyake. Niliandika yote hayo kwa mwandiko mzuri. Niliamini, Mwikali. Sikuwa nalazimishwa na mtu.

Nikarudi, nikapewa darasa katika shule ya bweni ya viziwi, na wewe ukiwa ndani yake. Unakumbuka kioo? Mimi naota kile kioo. Baba, mama, papa, maneno yote matatu midomo inafunga na kufunguka vilevile, na mimi nilikuwa nakuuliza, nimesema lipi? Ukikosea nasema hapana. Ukipata, nasema umeona, unaweza! Na kumbe ulikuwa umebahatisha. Ulipokuwa mdogo sana kuna siku ulisema "mama" nikakurusha juu kwa furaha nikakimbia nawe kwa majirani. Mpaka leo sijui kama ulikuwa unaniita au ulikuwa unaomba maji.

Lakini jioni! Mchana nyote mlikaa juu ya viganja kama kuku wanaoatamia, na mkishakula chakula cha jioni na kuingia bwenini, mikono inatoka. Taa ya mafuta ilining'inia kwenye boriti, na nikipita nje naona ukutani vivuli vinaruka mpaka dari. Mlikuwa mnasimuliana. Wewe ndiye uliyekuwa katikati, umesimama juu ya kitanda, unamwiga mwalimu huyu na yule, na wenzako wameshika mbavu. Sikuwahi kuwaona mmecheka hivyo darasani kwangu.

Walimu wakaanza kulalamika. Tunajenga mchana, watoto wanabomoa jioni. Mkutano ukaitwa, na ni mimi niliyeinua mkono. Nikasema, tatizo ni taa. Sala ikiisha, taa izimwe. Gizani hawataonana, na wasipoonana hawataongea. Wenzangu walinipigia makofi. Walisema mama huyu ana akili. Walimu wengine wote duniani wakitaka watoto wanyamaze huwaambia kimya. Sisi tulizima taa, na niliyepewa kazi ya kuizima ni mimi kwa kuwa wazo lilikuwa langu. Nilikuwa nasimama mlangoni, nahesabu mko kitandani, napuliza.

Sasa ile siku ya Ndinda. Najua unaikumbuka, lakini unaikumbuka ukiwa upande wa giza. Mimi nilikuwa chumbani kwangu nakunywa chai. Nikasikia mlango unapigwa kwa ngumi mbili, na nikajua ni mmoja wenu, maana nyinyi hampigi mlango, mnaubomoa. Nikafungua, ukawa ni wewe. Umetoka jasho. Na ukafanya nilivyokufundisha. Uliweka mikono nyuma, ukafungua mdomo, ukatumia ile sauti niliyoijenga kwa miaka, herufi kwa herufi. Sikuelewa hata neno moja.

Na unajua nilifanya nini? Nilikurekebisha. Nikainama nikakushika kidevu. "Polepole. Tazama mdomo wangu. Sema tena vizuri." Ukasema tena. "Hapana. Funga midomo kwanza, halafu fungua." Ukasema tena huku machozi yanakushuka. Mtoto wa watu amejikunja bwenini, na mimi niko mlangoni na kikombe mkononi, nafundisha matamshi.

Halafu ukachoka nami. Ukatoa mikono nyuma ya mgongo ukaniambia, Ndinda, tumbo, upande huu, anatapika, anakufa. Nilielewa yote kwa mara moja. Mimi niliyekuwa nasema sijui hiyo michezo yenu ya mikono, kumbe nilikuwa nimeijua siku nyingi kupitia madirisha. Nilikimbia na taa. Nikawakuta wasichana wote wako kwenye kitanda cha Ndinda, wamekumbatiana gizani, kila mmoja ameshika viganja vya mwenzake, wanaambiana kwa kugusana. Mlikuwa mmepata njia hata ya giza langu.

Pikapu ya kanisa ilimpeleka Machakos, wakampasua. Kilikuwa kidole tumbo, na daktari alisema kimebaki kidogo tu kipasuke. Ndinda aliishi, na unajua leo ana watoto wake huko Tawa wanaomsumbua kama kawaida ya watoto.

Ungedhani kesho yake niliingia darasani nikasema, haya, ongeeni mnavyotaka. Wapi! Kesho yake mlikaa juu ya viganja kama jana. Kitu pekee nilichofanya ni kuacha taa iwake, na wenzangu nikawaambia ni kwa sababu watoto wanaogopa giza. Nilikuwa na cheti ukutani. Inspekta alikuwa akija na kunitaja kama mfano. Na kulikuwa na hili jambo lingine ambalo sijawahi kumwambia mtu, hata baba yako. Kama mikono ilikuwa sawa, basi mimi nilikuwa nakufanyia nini mtoto wangu miaka yote ile? Swali hilo lilikuwa zito kunishinda. Kwa hivyo nikaendelea kushika karatasi mbele ya midomo ya watoto wa wenzangu.

Halafu unajua ilivyokuja kuwa. Maofisa wakatoka Nairobi, wakatukusanya kwa semina, wakatuambia sasa tutumie mikono na mdomo pamoja. Walisema kwa sauti ileile waliyotumia kutukataza. Wakatugawia kitabu cha picha, mtu amechorwa na mishale inaonyesha mkono uende wapi. Mkakitazama mkacheka mpaka mkalala chini, kwa sababu nusu ya ishara zile zilikuwa za watu wasiojua kupika muthokoi wala kubeba kiondo. Na kwa kuwa nilikuwa mkongwe wa kazi, nikachaguliwa kuwa mkufunzi. Nizunguke Emali, Kikima, mpaka huko Kitui, nifundishe walimu lugha ambayo mimi mwenyewe nilikuwa naibabaisha.

Nilikuchukua nizunguke nawe. Ulidhani ni kwa kuwa nilihitaji msaada wako. Nilikuwa nakuonyesha watu, mwanangu. Nilikuwa nakusimamisha mbele ya walimu nasema, haya Mwikali, sema jina lako, sema habari za asubuhi, na ukisema wanapiga makofi, na mimi ndiye ninayejisikia kupigiwa. Mikono imesharuhusiwa, na bado nilikuwa nataka mdomo wako uwe ushahidi kwamba sikupoteza miaka. Mpaka siku ile ya Emali ulipofunga mdomo. Nikakuashiria, sema. Ukafumba na macho. Nikawaambia walimu unaumwa koo, na wakakupa pole.

Tukirudi nyumbani ndipo uliponiambia. Ulisimama njiani pale kwenye kona ya kupanda huku kwetu, ukaniuliza, unajua sisi tunakuitaje? Kila mwalimu mlikuwa mmempa jina lake la mkono, huyu ndevu, yule kikohozi. Ukaweka vidole mbele ya midomo, ukavuta mashavu, ukapuliza huku vidole vinafunga. Mzima taa. Nikakuomba urudie. Kwa sababu ishara hiyo nilikuwa naiona kila nikiingia darasani, watoto wanaambiana, na mimi nilidhani ni salamu. Nilikuwa nawajibu kwayo! Miaka mingapi nimesimama mbele ya watoto nikijitaja mwenyewe, mzima taa, mzima taa, na tabasamu usoni?

Ulicheka pale njiani, na mimi mwisho nikacheka, ingawa usiku ule sikula. Na bado wananiita hivyo. Hata wadogo waliokuja baada ya taa za stima kuingia, ambao hawajawahi kuniona nikipuliza kitu. Kwao ni jina tu, na sina la kulifanya.

Nimechoka, Mwikali. Si uchovu ule wa kulala ukaamka ukiwa sawa. Nafundisha walimu, wanahamishwa. Nafundisha wengine, wanahamishwa. Wengine waliletwa kwetu kwa sababu wamekosana na hedimasta wao, wanafika wamenuna, wanauliza, huku mtu anakaa muda gani kabla hajatolewa? Yule kijana wa Mbooni aliyeshika ishara vizuri kuliko wote, mliyempenda, amepandishwa cheo akawa naibu katika shule ambayo haina kiziwi hata mmoja. Nilimpa mkono wa pongezi, nikaenda chooni nikalia kwa hasira. Na katika semina zote hizo, kila nilipotafuta nani asimame ubaoni afundishe, sikukufikiria wewe. Nilikuwa nasema bado, bado kidogo, ajifunze kwanza. Ujifunze kwa nani? Kwangu?

Ndiyo maana kesho siji. Najijua. Nikikaa katika lile darasa, hedimasta ataongea nami. Wazazi watanisalimia mimi. Inspekta atanitazama mimi. Wewe utaandika ubaoni na mimi nitaona herufi moja imepinda, nitanyanyuka kidogo tu, niirekebishe kidogo tu, na kabla wiki ya pili haijaisha nitakuwa nimesimama mbele nimeshika chaki na wewe uko pembeni unapanga madaftari. Na hutanizuia. Utanipisha, kwa sababu nilikulea unipishe. Mwisho wa muhula inspekta ataandika kwamba mama anafundisha vizuri. Atakuwa amesema kweli, na wewe utarudi hapa kumenya maharagwe.

Sitaki ufikiri ni ujasiri. Pengine ni uchovu tu, na goti hili, na nimeutafutia maneno mazuri. Sijui. Tangu mchana nimelifungua lile begi na kulifunga tena, na sasa liko wazi na sitaki kulitazama. Naogopa. Naogopa utapita barabarani lori likupigie honi nyuma. Naogopa watu wakuseme mbele yako na wewe ukiwatabasamia kama ulivyomtabasamia yule mtu wakati mama yako anacheka. Baba yako atakuja hapa atafoka, na nitamwacha afoke. Nitampikia, atanyamaza.

Hedimasta sijamwarifu. Ningemwarifu angekukataa kabla hujapanda gari. Afadhali akukatae ukiwa umesimama mbele yake, ni vigumu zaidi. Nimemdanganya mtu mzima mwenzangu, na sijuti sana.

Huenda akajaribu kukurudisha. Usirudi siku hiyo. Mwonyeshe kwamba huelewi. Kwa mara moja katika maisha yako, kubali kuwa yule kiziwi wanayemdhania, asiyeelewa kitu. Tabasamu, pita, nenda mpaka kile chumba cha mwisho wa uwanja, funga mlango, uanze. Siku tuliyokwenda nilikuona, wakati mimi na hedimasta tumetoka nje tukikuamulia maisha, ulikuwa umechuchumaa na kale kasichana ka sweta ya kijani ambako walituambia hakana lugha yoyote, hakamtazami mtu. Kalikuwa kanakutazama. Kalikuwa kameshajua kuomba maji na kukataa uji. Nikakuita twende, tumechelewa, ukanyanyuka, nako kakabaki kameinua mikono hewani. Nimekaona hivyo kila siku tangu siku ile. Naomba uanze nako.

Na kuhusu kengele ya hedimasta, watoto wa madarasa mengine wakikimbia uwanjani utawaona dirishani. Ni rahisi hivyo, na mimi nilipaswa kumjibu pale pale.

Wazazi watakuja kwako. Watakuwa wametembea kutoka mbali, wamevaa nguo za kanisani, na watakuomba ufanye mtoto wao aseme. Neno moja tu, mwalimu, aseme mama. Utataka kukasirika. Wasikilize kwanza kwa macho yako. Mimi nilikuwa mmoja wao, na wakati mwingine, nikiwa peke yangu kwenye maharagwe, bado ni mmoja wao.

Hedimasta atakuja mpaka mlangoni mwa hilo darasa, hilo sina shaka. Ataangalia nyuma yako akinitafuta, atauliza kwa mdomo na kwa mikono yake isiyojua kitu, mwalimu yuko wapi? Chukua chaki umwandikie ubaoni, kwa herufi kubwa, watoto waone: Ni mimi.

Nakuona sasa, uko kule chini kwenye njia ya kisima, kitambaa kichwani, unapanda polepole. Nywele zimependeza hata kwa mbali. Nitaikunja hii niiweke ndani ya kiatu chako cha safari, utaikuta kesho ukivaa, gari likiwa limeshafika, hatutapata muda wa kugombana. Ndiyo, nimekuwa mwoga mpaka hapo.

Kuna jambo moja limenishika tangu nianze kuandika na sijapata la kulifanya. Tangu niliporudi kutoka mafunzoni, kila asubuhi ni mimi nimekuamsha, na hata kule shuleni nilikuwa nakuja bwenini alfajiri kabla ya wenzangu ili niwe mimi. Hakuna saa inayoweza kukulilia. Huko Kitui nani atakugusa mguu? Nimefikiri nimuombe mama wa nyumba utakayopanga, nikaacha. Nimefikiri kila kitu. Kesho alfajiri nitakugusa mguu, na nitakaa kidogo pale ukingoni kabla sijakugusa, usinikasirikie kwa kukuchelewesha. Kesho kutwa utaamka mwenyewe.

Ni mimi mama yako,
Kalekye